Kisima cha Ndaki

Siku ya kliniki, nesi alimsimamisha Nyamizi juu ya benchi ili amwone vizuri. Pengine hakukusudia ubaya. Mgongo ulikuwa unamuuma, foleni ilikuwa ndefu, hakutaka kuinama. Lakini wanawake wote waligeuka kutazama, na mtoto wa miaka mitano akabaki pale juu na gauni lake la Jumapili, magoti yameachana kiasi kwamba mwanambuzi angepita katikati bila kumgusa. Nyamizi alidhani anasifiwa. Akatabasamu.

Nesi akamuuliza mama yake, Milembe, kwa sauti ya kusikika mpaka nje, huyu mtoto anakula nini. Milembe akajibu kwamba anakula ugali, mlenda, kunde, na maziwa yakipatikana. Nesi akasema ndiyo hayo hayo, wanawake wa vijijini mnapeleka mayai gulioni, mnawaachia watoto mlenda, halafu miguu ikipinda mnakuja kushangaa hapa. Milembe hakuwa na yai la kupeleka popote, maana kuku wake wote walikufa kwa mdondo. Angeweza kusema hivyo. Hakusema, kwa sababu mtu akishasemwa mbele za watu, kila anachojibu huwa ni kujitetea tu.

Akaambiwa ampe dagaa na uji wa lishe, na amtoe nje apate jua la asubuhi. Jua! Mtoto wa Simiyu aambiwe akatafute jua, wakati huku kwetu kitu pekee ambacho hakijawahi kupungua ni hilo jua. Milembe akaitikia, akamshusha mwanawe, akamfunga mgongoni ingawa alishakuwa mzito. Hakutaka atembee mbele ya wale watu.

Mwisho wa benchi alikaa jirani yake Mboje na watoto wake. Mboje alikuwa mjane, na nyumba yake ilikuwa ya mwisho kitongojini, karibu na lambo. Watoto wake walivaa nguo zilizochanika, na makamasi hayakuwakauka puani mwaka mzima, lakini miguu yao ilikuwa imenyooka na meno yao yalikuwa meupe. Milembe aliliona hilo siku ile, akalichukia, kisha akaona aibu kwa kuchukia watoto wa mwenzake. Mboje alimwambia taratibu, "Pole, mama Masalu." Milembe akaitikia bila kumtazama.

Waliendelea kumwita mama Masalu. Masalu alikuwa kifungua mimba wake, na alikuwa ameshazikwa.

*

Kipindupindu kilipopita kitongojini, kabla Nyamizi hajazaliwa, watu wote walikuwa wakinywa maji ya lambo. Lambo lile ni bwawa la mifugo, lina rangi ya chai ya maziwa, ng'ombe huingia mpaka tumboni na watoto huogelea pembeni. Masalu aliharisha asubuhi, na jua lilipokuwa utosini baba yake, Ndaki, alikuwa amempakia kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli anamkimbiza zahanati. Milembe alikimbia nyuma yao akimshika mtoto asianguke. Walipofika kwenye mti wa mgunga, mkono aliokuwa ameushika ukalegea. Ndaki aliendelea kukanyaga pedali, hakuambiwa kitu mpaka walipofika.

Baada ya msiba Ndaki alichukua sururu, akaanza kuchimba nyuma ya nyumba. Hakumwita fundi wala hakuomba mtu amsaidie. Alipalilia pamba asubuhi, akachimba mchana, siku baada ya siku, mpaka kichwa chake kikapotea chini ya ardhi na Milembe akawa anamvutia udongo kwa kamba na ndoo. Watu walisema huzuni imempanda kichwani. Kisha maji yakatoka, na yalikuwa meupe kabisa, baridi, hayana harufu wala tope. Ndaki aliyateka kwa viganja vyake akamnywesha mkewe, na Milembe akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Kitongoji kizima kikahamia pale. Hawakutozwa kitu. Ndaki alikuwa maskini wa kila kitu, hakuwa na ng'ombe hata mmoja, na kwa Wasukuma mtu asiye na ng'ombe hata salamu yake huitikiwa nusu. Lakini alikuwa na kisima, na watu walioitikia nusu wakaanza kumshukuru, wabeja, baba Masalu, wabeja sana. Mboje peke yake alibaki lamboni, kwa kuwa alikuwa na mguu mbovu na kisima kilikuwa mbali naye.

Milembe naye alishika lake. Maafisa wa afya walipita na kipaza sauti wakihimiza watu wachemshe maji, na wengi walichemsha wiki ile wakaacha, maana kuni za huku ni vijiti vya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, navyo havitoshi hata kuivisha ugali. Milembe hakuacha. Aliweka sufuria kubwa mafigani, na sufuria ile haikutoka tena. Maji yalichemka mpaka yakapungua nusu, ndipo aliposema sasa yamekufa vizuri. Akateka ya kunywa, akaongezea mengine juu ya yale yaliyobaki, akachochea tena. Ili kuni zimtoshe kwa maji, alipunguza za chakula. Kila pishi la kunde na mlenda alilitia magadi ya kutosha ili lilainike upesi. Kama kuna mwanamke aliyepigana na kifo kwa sufuria, ni huyu.

Nyamizi alipoanza kusema, mama yake alimfundisha jambo moja kabla ya sala. Walipopita karibu na lambo, Milembe alimsimamisha na kumuuliza, "Yale ni maji gani?" Naye mtoto alijibu, "Ya kifo. Ndiyo yaliyomuua Masalu." Akiulizwa maji yake yeye yako wapi, alionyesha kwa kidole upande wa nyumbani. Hata wageni walioneshwa jinsi anavyojua kujibu.

Na Milembe hakuishia kwa mwanawe. Aliwahi kumkuta Mboje njiani na watoto wake, ana ndoo ya maji ya lambo, akamwambia mbele yao, "Wewe Mboje, unawalea watoto au unawanenepesha kwa ajili ya kaburi?" Ilikuwa kali. Mboje alijitwika ndoo yake akaenda, akichechemea.

*

Dagaa na uji havikusaidia. Mabega ya mtoto yalinenepa kidogo lakini miguu ilizidi kupinda, na akawa analia magoti akitoka kuchunga mbuzi. Ndipo Milembe akamchukua mpaka hospitali mjini Bariadi, kwa daktari aliyesifiwa kwamba haharakishi watu. Daktari Joyceline alikuwa mtu wa Bukoba, aliyehamishiwa huku na serikali, na Kisukuma chake kiliishia kwenye salamu ya asubuhi, mwangaluka.

Hakumpandisha Nyamizi kwenye benchi. Alichuchumaa mwenyewe, akayapapasa magoti, akamwomba afungue mdomo. Akatazama meno kwa muda. Kisha akageuka.

"Mama Nyamizi, na wewe fungua."

Milembe alifungua kwa shida, mkono ukitaka kupanda kuziba. Meno yake yalikuwa na madoa ya kahawia tangu utotoni, walipokuwa wakinywa visima vya zamani kabla lambo halijachimbwa, ya mumewe pia, ya majirani pia. Watu wa kwao hawakuyaona kuwa ni ugonjwa. Waliyaita meno ya kwetu, na gulioni waliweza kumtambua mtu wa kitongoji chao akicheka tu.

Daktari aliuliza maji wanayotumia yanatoka wapi. Hapo Milembe akakaa vizuri kitini. Tangu siku ya benchi alikuwa akiulizwa mambo ya kumuaibisha, na sasa hatimaye ameulizwa jambo analolijua. Akaeleza yote: kisima ambacho mumewe alichimba kwa mikono yake, maji meupe yasiyo na hata unyasi, sufuria isiyotoka mafigani, namna anavyochemsha mpaka yapungue, namna anavyoongezea. Alieleza hata magadi. Alisema kwa fahari, na hakuona kwamba daktari ameweka kalamu chini.

"Kuchemsha kunaua vijidudu," daktari alisema. "Hili ninalolihofia kwenye maji yenu halifi. Ni madini, yanaitwa floraidi, yanatoka kwenye mawe ya chini huko, na kwenye magadi nayo yamo. Sasa nikuulize wewe mpishi. Ukichemsha maji ya chumvi yakapungua nusu, chumvi inakwenda wapi?"

"Inabaki," Milembe alisema.

"Ukiongeza maji mengine ya chumvi juu yake?"

Milembe alikuwa amepika maisha yake yote. Jibu alikuwa nalo.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Sijasema hivyo."

"Lakini ndivyo. Wengine wanakunywa ya kisimani mabichi, watoto wao wana madoa ya meno tu. Wa kwangu ndiye nimempikia."

Daktari Joyceline hakumwambia uongo, na kwa hilo tumshukuru. Alimwambia lazima maji yapimwe ndipo wawe na hakika, lakini wasingoje kipimo. Meno ya ukubwani ya Nyamizi yanatengenezwa sasa hivi ndani ya ufizi, na mifupa bado ni michanga, inaweza kunyooka kiasi kama mtoto ataachishwa maji yale mapema. Akichelewa, hatanyooka, na akiwa mtu mzima huenda mgongo nao ukakakamaa. Maji ya mvua yangefaa zaidi. Milembe akasema mvua ni mpaka Novemba. Ya bomba je? Bomba halijafika kwao. Daktari akauliza, hakuna maji mengine yoyote, hata machafu, mradi si ya kutoka chini ya ardhi? Uchafu unatibika, alisema, kwa vidonge vya dawa ya maji.

"Kuna lambo," Milembe akasema.

"Basi tumieni lambo."

Milembe alicheka. Kilikuwa kile kicheko ambacho mtu hukitoa msibani, na Nyamizi alishtuka akamshika kanga.

*

Ndaki alisikiliza habari ile akiwa ananoa jembe, na hakuacha kunoa. Alipomaliza akasema daktari huyo ni mtu wa ziwani, amezoea maji ya kijani, hajui maji mazuri yanafananaje. Milembe alimkumbusha miguu ya mtoto. Ndaki akasema miguu ni ya ukoo, babu yake mwenyewe alikuwa na matege. Milembe alimjua babu huyo. Miguu yake haikuwa na kasoro yoyote.

Asubuhi alijaza chupa maji ya kisimani, akaifunga kwenye kiti cha baiskeli, akasema anayapeleka kwenye ofisi ya maji wayapime, ili mke wake aone na daktari aone. Aliondoka amevaa shati lake la kanisani. Alirudi kuyafuata majibu siku aliyoambiwa, na jioni ile Milembe alimwona akija anaikokota baiskeli, ingawa matairi yalikuwa na upepo. Hakuhitaji kumuuliza. Ndaki alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, akaketi ukingoni mwa kisima, mgongo ameipa nyumba. Alibaki hapo mpaka ugali ukapoa.

Baadaye alisema maneno machache. Alisema vijana wa ofisini walikuwa na adabu, walimpa kiti. Walimwambia maji yake ni mazuri kwa kuogea na kufulia. "Kwa kufulia," alirudia. Milembe alitaka kumshika bega, akaogopa kwamba akimshika atalia, na hakujua atamfanyaje mwanamume huyo akilia.

Ilibidi wawaambie majirani. Ndaki alisimama kisimani asubuhi, wakati watu wamejaa na ndoo zao, akawaeleza yote kama alivyoelezwa. Walimsikiliza. Kisha jirani aitwaye Bujiku, mwenye ng'ombe wengi, ambaye alikuwa akichota pale tangu siku ya kwanza, akauliza kwa nini sumu imegundulika kiangazi hiki, wakati maji yanapungua kila mahali. Akasema kama mtu anataka kubaki na maji yake aseme tu, hana haja ya kuwatisha wenzake na daktari. Wengine wakaguna kukubali. Mmoja akaongeza kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Methali hiyo husemwa kwa watu wabaya, wanaowachimbia wenzao, na kila aliyekuwepo aliijua hivyo.

Ndaki angeweza kukifunga kisima kwa miiba, ni chake. Hakukifunga. Alimpokea mama mmoja ndoo yake, akamtekea, akamtwisha, kwa sababu hakuwa na maji mengine ya kumpa. Watu wakaendelea kuchota kama jana. Lakini asubuhi ile hakuna aliyemwambia wabeja.

*

Milembe alingoja jua likawa kali ili asikute watu lamboni, akaenda na ndoo na kanga ya kuchujia. Alimkuta Mboje. Kwa kweli angemkuta wapi kwingine? Mboje alikuwa amekaa kwenye jiwe, mguu mbovu ameunyoosha, anasubiri ng'ombe wa Bujiku wamalize kunywa.

Walisalimiana. Mwadila, mwadila, za huko, za huku. Milembe alisimama na ndoo yake, hajui aiweke wapi. Habari zilikuwa zimeshafika, alizisoma usoni mwa Mboje, na alijua kwamba mwanamke huyu ana haki ya kumrudishia lile neno la kaburi. Alijiandaa kulipokea. Alifikiri hata ingekuwa nafuu akilirudisha.

"Usichote hapa," Mboje alisema. "Hapa wamevuruga. Njoo huku, mimi nimechimba vishimo kwenye mchanga pembeni, maji yanajichuja yenyewe. Ukifika nyumbani uyaache yatulie, umimine ya juu, ya chini mwaga. Vidonge unavyo?"

"Ninavyo. Hospitali wamenipa."

"Basi."

Alimpa kata yake ya kuchotea. Milembe alichuchumaa kwenye kishimo, akachota kidogo kidogo, na wakati huo wote alitaka kusema samahani na neno halikumtoka. Ndoo ilipojaa, Mboje alimsaidia kujitwika.

"Mboje, lile neno nililokuambia siku ile..."

"Ulikuwa umezika," Mboje alisema. "Nenda, maji yasipate moto."

Nyumbani aliyaacha yatulie, akamimina ya juu kwenye ndoo nyingine kupitia kanga, akatumbukiza kidonge, akangoja muda alioelekezwa. Akayanusa. Yalinuka dawa, na chini ya dawa yalinuka bado lambo, au alifikiri hivyo. Aliiondoa sufuria mafigani. Ndani kulikuwa na ukoko mweupe, umeshika pande zote, ambao kwa miaka alikuwa akiusugua na kuona ni usafi wa maji. Akaiinamisha ukutani.

Ndaki alikuja akakaa karibu, bila kuitwa. Milembe alichota kikombe, akamwita Nyamizi. Mtoto alikuja kwa mwendo wake ule wa kuyumba, akapokea kikombe kwa mikono miwili kama alivyofunzwa, akakiangalia. Maji hayakuwa meupe. Yalikuwa na rangi kidogo, hata baada ya kanga na kidonge. Akainua macho.

"Haya ni ya lambo."

"Ndiyo. Yametiwa dawa. Kunywa."

Nyamizi akarudisha kikombe. Hakufanya ukaidi, alikirudisha kwa adabu, kama mtu aliyepewa kitu cha mwingine kwa makosa. "Ni ya kifo, mama. Ndiyo yaliyomuua Masalu." Kisha, akiona mama yake amekaa kimya kana kwamba amesahau, akamsaidia. Alinyoosha kidole nyuma ya nyumba. "Yangu yako kule."

Milembe alimwambia mambo yamebadilika. Alimwambia yale ya kule ndiyo yanayomuumiza miguu. Ndaki alichukua kikombe akanywa nusu mbele yake, akasema ona, baba amekunywa. Mtoto alimtazama baba yake kwa hofu, akaanza kurudi nyuma. Hakuna alichosikia. Tangu ajue kusema alifundishwa jambo moja, akalishika vizuri kuliko yote, na sasa waliomfundisha wenyewe walikuwa wanamjaribu.

Basi Milembe akafanya kama wafanyavyo mama zetu kwa mtoto anayekataa dawa. Alimvuta, akamlaza mapajani, akamkunja mikono chini ya kwapa lake, akamziba pua kwa vidole viwili. Nyamizi alibana meno mpaka pumzi ikamwishia. Alipofungua mdomo, maji yakaingia. Alikohoa, akameza, akapiga teke kwa ile miguu iliyopinda, akameza tena. Milembe alikuwa analia waziwazi, na hakuacha kumimina.

Alipomwachia, mtoto hakukimbia. Alikaa pale pale chini, amelowa kifua, akasikiliza tumbo lake. Kuku mmoja wa jirani alipita. Ndaki alikuwa ameshika kichwa. Muda ukapita, kisha Nyamizi akajifuta mdomo kwa gauni, akauliza kwa sauti ya kawaida, jinsi anavyouliza chakula kikiiva.

"Mama, mtanizika karibu na Masalu?"

Milembe alifungua mdomo kumwambia hatakufa. Lakini alikuwa amemwahidi hivyo mara nyingi, kila alipomnywesha ya kisimani. Akachukua kikombe, akanywa yaliyobaki, mpaka na tope la chini. Kisha akampakata mwanawe, akakaa naye pale uani, mkono wake juu ya tumbo la mtoto, akingoja.